Mpigaji wa Kwanza au wa Nne: Nafasi Kwenye Orodha Inambadilisha Nini Mchezaji wa Besiboli?

Tarehe 4 Oktoba 2022, mjini Arlington, Texas, Aaron Judge wa New York Yankees ndiye aliyetangulia kushika gongo katika mchezo wa pili wa siku hiyo dhidi ya Texas Rangers. Hakukawia. Mpira ukapaa, ukavuka ukuta, ikawa homurani yake ya 62 msimu ule, na rekodi ya Ligi ya Amerika (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani; nyingine ni Ligi ya Taifa) ambayo Roger Maris aliiweka mwaka 1961 ikavunjika baada ya miaka 61. Shangwe za rekodi zilifunika jambo lingine lililostahili kutazamwa. Judge ni jitu la mita mbili, mmoja wa wenye nguvu zaidi kikosini. Alikuwa anafanya nini kwenye nafasi ya kwanza, nafasi ambayo kwa vizazi ilitengewa vijana wepesi wenye mbio?

Swali hilo linaufungua mjadala wa zamani. Makocha, wachambuzi na wachezaji wenyewe wamebishana miaka mingi kama namba anayopewa mpigaji inamfanya apige vizuri zaidi au vibaya zaidi. Msimamo wangu nautanguliza: namba inabadilisha sana nafasi anazozipata mpigaji, na inabadilisha sana takwimu zinazoandikwa mbele ya jina lake. Mkono wake inaubadilisha kidogo mno. Mambo hayo mawili yakichanganywa, mjadala wote unaharibika.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, utaratibu ni huu. (Wasomaji wa Uganda, ambako vijana wa Lugazi walifika hadi Williamsport mwaka 2012 kwenye mashindano ya dunia ya watoto, wanaweza kuiruka aya hii.) Kila timu ina wapigaji tisa wanaofuatana kwa orodha iliyokabidhiwa waamuzi kabla ya mchezo. Timu inaendelea kupiga mpaka watu wake watatu watolewe, kisha inakwenda kulinda na wapinzani wanashika gongo. Awamu zote ni tisa. Awamu mpya haianzi tena na namba moja. Inaanza na yule ambaye zamu yake ilikuwa imefika. Wa tisa akishapiga, anarudi wa kwanza. Orodha haipanguliwi katikati ya mchezo, na mchezaji wa akiba anayeingia anairithi namba ya yule aliyetoka. Anayetaka kuleta mkimbio, yaani pointi, lazima azunguke vituo vyote na kurudi alipoanzia, kwa hiyo waliomtangulia na wanaomfuata ni sehemu ya kazi yake.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo isiyo na ubishi. Kila mchezo una mpigaji wa mwisho. Akiwa ni namba tano, basi namba moja hadi tano wamepata zamu moja zaidi ya namba sita hadi tisa. Mchezo unaweza kuishia kwa yeyote kati ya hao tisa, na kwa muda mrefu uwezekano unakaribia kulingana. Timu hucheza michezo 162 kwa msimu. Gawanya kwa tisa: unapata 18. Yaani ukimshusha mchezaji nafasi moja tu, unamnyima zamu kama 18 kwa msimu mzima. Kutoka nafasi ya kwanza hadi ya tisa pengo ni zamu zipatazo 144, na hiyo ni zaidi ya mwezi mzima wa kazi.

Sasa mrudie Judge. Mwaka 2022 alipata zamu 696 na homurani 62, takriban moja kwa kila zamu 11. Mpigaji wa namna hiyo akikaa nafasi ya kwanza badala ya ya nne, anaongezewa zamu kama 54 kwa msimu, na kwa kasi ile hizo ni homurani karibu tano zaidi. Hakuna alichobadilisha mazoezini. Amepewa muda mwingi zaidi wa kufanya kile anachokijua. Msimu ulipokuwa ukiingia ukingoni na rekodi ikikaribia, kumweka juu ya orodha kulimhakikishia kila zamu ambayo mchezo ungeweza kuitoa.

Kama wingi wa zamu ndio jambo lote, kazi ingekuwa rahisi: panga wapigaji wako kuanzia bora hadi dhaifu, umalize. Lakini zamu hazifanani. Homurani humrudisha mpigaji na kila aliye kituoni: ukiwa peke yako ni mkimbio mmoja. Ukiwa na wenzako watatu vituoni ni minne. Hapo ndipo nafasi inapoanza kuwa na tabia yake, na pa kuichunguza ni awamu ya kwanza, kwa sababu ndiyo awamu pekee ambayo kocha anajua kwa hakika nani ataanza.

Namba moja anaingia, vituo vitupu, hakuna aliyetolewa. Hilo ni la lazima kila mchezo. Namba mbili anamkuta mwenzake kituoni, au amkose. Namba tatu ndiye mwenye kisa. Mpigaji wa kawaida wa ligi kuu ya Marekani hufika kituoni katika kama asilimia 32 ya zamu zake, na asilimia 68 zinazobaki hutolewa. Uwezekano wa wawili wa kwanza wote kutolewa ni 0.68 mara 0.68, yaani karibu asilimia 46. Kwa hiyo karibu nusu ya michezo, namba tatu anaingia huku wawili wameshatolewa na vituo ni vitupu, hali ambayo hata pigo zuri mara nyingi haizai kitu, kwa sababu akitolewa mtu mmoja zaidi awamu imekwisha. Namba nne ana bahati tofauti. Watatu wa kwanza wakitolewa wote, yeye anafungua awamu ya pili akiwa na nafasi yote mbele yake. Wasipotolewa wote, mara nyingi anamkuta mtu kituoni. Ni nadra aangukie pale pabaya panapomsumbua namba tatu.

Wachambuzi wa takwimu walipoifuatilia hesabu hii katika maelfu ya michezo, walifikia jambo lililowashangaza wazee wa mchezo: wapigaji watatu bora wa timu wanafaa kukaa namba moja, mbili na nne, na nafasi ya tatu haina uzito iliyopewa na mapokeo. Mapokeo yenyewe yalikuwa na mizizi mirefu. Mwaka 1929 Yankees walipoanza kuvaa namba mgongoni, waligawa kwa kufuata orodha ya wapigaji. Ndiyo maana Babe Ruth alivaa 3 na Lou Gehrig akavaa 4. Namba mbili, katika fikra za zamani, alikuwa mtu wa kumsogeza mwenzake kituo kimoja mbele hata kwa gharama ya kutolewa yeye. Siku hizi nafasi hiyo wanakaa vigogo. Mike Trout wa Angels aliikalia kwa miaka, na Judge mwenyewe ndipo anapopiga mara nyingi.

Hapa tunafika kwenye takwimu inayopotosha kuliko zote: idadi ya mikimbio ambayo mpigaji ameiingiza kwa mapigo yake. Mashabiki huipenda, na kwa miaka mingi ilitumika kuchagua mchezaji bora wa mwaka. Lakini nusu ya takwimu hiyo ni ya watu wengine, kwa sababu huwezi kumwingiza mtu ambaye hayupo kituoni. Rickey Henderson, bingwa wa nafasi ya kwanza kuliko wote, alianza michezo kwa homurani mara 81, na kila moja ya hizo iliandikwa mkimbio mmoja. Haingewezekana zaidi. Mookie Betts wa Dodgers alipiga homurani 39 mwaka 2023 akifungua orodha, akaingiza mikimbio 107, na ikaonekana ajabu kubwa kwa mpigaji wa kwanza. Kwa mpigaji wa nne mwenye homurani 39, 107 ni idadi ya kawaida. Mtu anayewalinganisha wawili hao kwa mikimbio waliyoingiza analinganisha mahali walipokaa, akidhani anawalinganisha wao.

Mwaka huohuo Phillies walimweka Kyle Schwarber nafasi ya kwanza kwa sehemu kubwa ya msimu. Wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.197, yaani mapigo safi chini ya mawili kwa kila majaribio kumi, namba ambayo zamani ingemfukuzisha mtu kikosini. Tena hana mbio. Lakini alipiga homurani 47 na akapewa kituo bure (mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, akikosea shabaha mara nne, mpigaji anakwenda kituo cha kwanza bila kupiga) mara 126 kwa sababu ya subira yake, hivyo alifika kituoni mara nyingi kuliko mpigaji wa kawaida. Watu walicheka. Mimi naona kocha wake alikuwa na hoja: mpigaji wa kwanza kazi yake ni kutotolewa, na baada ya awamu ya kwanza hakuna sheria inayosema yeye ndiye atakayefungua tena.

Tugeukie sasa swali gumu: je, mkono wenyewe unabadilika? Ukichukua wastani wa wapigaji wote kwa nafasi zao, utaona wa pili na wa tatu wanapiga vizuri kuliko wa nane na wa tisa. Hiyo haithibitishi kitu, kwa sababu makocha ndio waliowaweka wazuri juu na dhaifu chini. Muuza samaki aliyepata meza ya mlangoni pale soko la Feri atauza zaidi ya aliye nyuma kabisa, na ukiona wenye samaki wazuri ndio wanaopewa meza za mlangoni, hutaweza tena kujua ni meza au ni samaki. Njia pekee ni kumtazama mtu yuleyule akiwa kwenye nafasi tofauti.

Hata hapo kuna mtego. Mchezaji hahamishwi bila sababu. Anashushwa anapokosa, anapandishwa anapopatia. Chukua mpigaji ambaye uwezo wake halisi ni wastani wa 0.270. Katika zamu 60 za kupiga, kwa bahati tu, mara tatu kwa kila kumi hivi atajikuta chini ya 0.213 au juu ya 0.327, bila kosa wala sifa yoyote mpya. Sasa wiki zake mbaya zimekuja, yuko 0.200, kocha anamshusha hadi nafasi ya saba. Zamu 60 zinazofuata zinarudi karibu na 0.270, kama ambavyo zingerudi hata angeachwa pale pale. Magazeti yanaandika kwamba kushushwa kumemwondolea presha. Mchezaji mwenyewe anaamini hivyo, na kocha analala usingizi mzuri. Hadithi za aina hii ndizo zilizojenga imani nyingi kuhusu nafasi, na zinadumu kwa sababu kila msimu zinajirudia.

Ukiondoa upendeleo huo wa uteuzi, kinachobaki ni kidogo, lakini kipo. Akiwapo mtu kituo cha kwanza, mlinzi wa kituo hicho analazimika kukaa karibu naye ili asiibe kituo cha pili. Pengo linafunguka upande wa kulia wa uwanja, na wanaopiga kwa mkono wa kushoto hulifurahia. Mrushaji naye anarusha kwa mkao mfupi na akili yake imegawanyika. Kwa hiyo anayeingia mara nyingi akikuta watu vituoni anapata nyongeza ndogo ya kweli katika wastani wake, na nyongeza hiyo inawaendea zaidi wa katikati ya orodha kuliko wa kwanza.

Kuna pia suala la nani unakutana naye. Mrushaji akizunguka orodha yote mara mbili, wapigaji wanakuwa wameshamsoma na mkono wake umeanza kuchoka. Mara ya tatu ndiyo ya kumuumiza. Zamani hiyo ilikuwa zawadi ya nafasi za juu, kwa kuwa wao ndio wa kwanza kumwona tena. Makocha wa sasa wanamtoa mrushaji hapohapo, baada ya watu 18, namba moja anapokaribia kurudi, na anayeingizwa ni mrushaji mpya mwenye mkono mbichi, mara nyingi aliyechaguliwa kwa ajili ya wapigaji hao wa juu hasa. Tangu 2020 sheria inamtaka mrushaji anayeingia akabili wapigaji wasiopungua watatu au amalize awamu, ndiyo maana makocha hupenda kuchanganya wa kushoto na wa kulia ili mpinzani asipate watatu wa upande mmoja mfululizo.

Mjadala unaopendwa kuliko yote, hata hivyo, ni wa ulinzi: kwamba mpigaji mkali akifuatwa na mkali mwingine, mrushaji hawezi kumkwepa. Mfano unaotajwa daima ni Maris wa 1961. Kwa sehemu kubwa ya msimu alipiga wa tatu, nyuma yake akiwa Mickey Mantle aliyepiga homurani 54 mwaka huo. Katika msimu wote ule wa homurani 61, Maris hakupewa kituo cha bure kwa makusudi hata mara moja. Mlinganishe na Barry Bonds wa San Francisco mwaka 2004: alipewa kwa makusudi mara 120, akifikisha jumla ya vituo vya bure 232, na akafika kituoni katika asilimia 60.9 ya zamu zake. Nyuma yake hakukuwa na Mantle.

Lakini tazama mfano wa Maris kwa karibu zaidi. Vituo vya bure vya kawaida, ambapo mrushaji anakwepa katikati bila kutangaza, alipata 94, na hiyo si dalili ya watu waliokuwa wakimtupia mipira laini kwa kumwogopa Mantle. Na homurani ya 61, tarehe 1 Oktoba, aliipiga Mantle akiwa mgonjwa, hayumo kabisa mchezoni. Tafiti za mipira mingi zimeelekea hukohuko: anayemfuata mpigaji hubadilisha idadi ya vituo vya bure anavyopewa, lakini mpira anaoupiga hauendi kwa nguvu zaidi wala kuzaa zaidi kwa kiasi cha maana. Ulinzi upo katika uamuzi wa kumkwepa au kumkabili, basi.

Mahali palipoonyesha jambo hili waziwazi ni Ligi ya Taifa kabla ya 2022, wakati warushaji walipolazimika kupiga pia, kwa kawaida wakiwa namba tisa. Mpigaji wa nane aliishi maisha ya ajabu. Wawili wakiwa wametolewa na mtu yuko kituo cha pili, alipewa kituo cha bure ili mrushaji dhaifu aje nyuma yake atolewe. Takwimu yake ya kufika kituoni ilinona bila jasho, na alipohamia timu nyingine au nafasi nyingine ilishuka ghafla. Tony La Russa wa St. Louis alikwenda kinyume: mwaka 1998 alianza kumweka mrushaji namba nane, ili namba tisa awe mpigaji wa kweli na Mark McGwire, aliyekuwa wa tatu, akute watu vituoni. McGwire alimaliza na homurani 70. Sheria ya mpigaji maalumu, anayepiga badala ya mrushaji, ilipoenea ligi zote mbili mwaka 2022 mbinu hiyo ilikosa kazi, ila wazo lake limebaki. Makocha wengi sasa humweka namba tisa kijana mwenye mbio anayejua kufika kituoni, atangulie mbele ya vigogo orodha inapozunguka.

Upande wa mwili na maandalizi siudharau. Mpigaji wa kwanza wa timu mwenyeji anatoka kulinda, anavua glavu, anashika gongo, hana hata dakika za kumtazama mrushaji akiwajaribu wenzake. Shohei Ohtani wa Dodgers, anayerusha na pia kupiga, anaubeba mzigo huo kwa namna isiyo na mfano. Tarehe 17 Oktoba 2025, katika mchezo wa nne wa fainali ya Ligi ya Taifa dhidi ya Milwaukee, alirusha nusu ya kwanza ya awamu ya kwanza na kuwatoa watatu kwa kuwakosesha gongo, kisha papo hapo akaenda kupiga akiwa namba moja, na mpira ukavuka ukuta. Akapiga nyingine mbili usiku ule. Mtu akiniambia nafasi ya kwanza inamchosha mpigaji, nitamsikiliza, lakini nitamwomba anionyeshe kwenye takwimu za mtu mmoja kwa miaka kadhaa, si kwa mwezi mmoja mbaya.

Je, haya yote yana uzito gani kwa timu? Orodha iliyopangwa kwa hesabu kamili ikilinganishwa na orodha ya kawaida ya kocha mwenye busara hutofautiana kwa mikimbio kama 10 hadi 15 katika msimu mzima, na mikimbio 10 ni sawa na ushindi mmoja hivi. Billy Martin, kocha wa Detroit Tigers, alilijua hilo kwa hisia zake. Tarehe 13 Agosti 1972, timu yake ikisuasua, aliandika majina kwenye karatasi, akayatia ndani ya kofia na kuyachomoa moja moja. Norm Cash, mpigaji wao wa nguvu, akaangukia nafasi ya kwanza, na Ed Brinkman, mlinzi hodari asiye na gongo, akawa wa nne. Wakaishinda Cleveland 3 kwa 2.

Ushindi mmoja kwa msimu wa michezo 162 unaweza kuonekana mdogo kiasi cha kutostahili kelele hizi. Lakini mwaka ule mgomo wa wachezaji ulikuwa umefuta michezo ya mwanzo bila kusawazisha hesabu za timu. Detroit walimaliza na ushindi 86 na vipigo 70, Boston 85 na 70. Tigers wakatwaa kundi lao la mashariki kwa pengo la nusu mchezo.